Wagonjwa Wahesabiwe Kabla ya Sindano

Oktoba 1976 Marekani ilianza kuchanja umma dhidi ya mafua ya nguruwe, yaliyokuwa yamemuua askari kijana katika kambi ya Fort Dix, New Jersey. Zaidi ya watu milioni 40 walichanjwa, kisha Desemba kampeni ikasimamishwa. Mlipuko uliohofiwa haukutokea. Ila madaktari waliripoti wagonjwa wa Guillain-Barré, maradhi ambayo kinga ya mwili hushambulia neva, viungo vikalegea, na wengine wakashindwa hata kupumua.

Je, ni sindano? Ugonjwa huo humpata mtu mmoja au wawili kati ya 100,000 kila mwaka, pawe na chanjo au pasiwe. Ukichanja mamilioni, wapo watakaougua wiki ileile kwa sadfa tu. Watafiti walipolinganisha na idadi ya kawaida, walipata ziada ya takribani mgonjwa mmoja kwa kila watu 100,000 waliochanjwa. Jaribio la watu elfu chache lisingeweza kumwona mgonjwa huyo.

Finland iliwaona wagonjwa wake mwaka 2010. Watoto na vijana waliochanjwa kwa Pandemrix, chanjo ya mafua, walianza kuzidiwa na usingizi mchana, ilikuwa narkolepsia. Kwa kuwa kila raia ana namba moja inayotumika kwenye daftari la chanjo na hospitalini, uhusiano uliweza kupimwa: hatari ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara 10.

Wapo wanaohofia kwamba utafiti wa aina hii unawapa nguvu wapinga chanjo. Siafiki. Mama ambaye mwanawe ameamka miguu haimbebi atatafuta maelezo. Zahanati ikinyamaza, atayapata kwingine, na huko hakuna atakayempa hesabu.

Nasi Afrika Mashariki hatuanzii sifuri. Kwa ajili ya polio, kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea viungo ghafla hutakiwa kuripotiwa na sampuli za choo chake kupimwa. Wengi siku hizi hawana polio, na baadhi yao wana Guillain-Barré. Idadi ya kawaida tunayoihitaji, kwa watoto angalau, imeanza kuandikwa tayari. Jibu la maabara likisema si polio, faili lisifungwe: daktari aandike ugonjwa wenyewe, na tarehe ya chanjo iwe pembeni yake. Watu wazima waanzishiwe daftari lao kabla ya kampeni ijayo, si baada yake.