Mlima Unashuka Sokoni Kila Alfajiri

Leeuwarden, Uholanzi
Novemba

Wazee wangu wa Levolosi, Arusha mjini, mama zangu wa soko la Kilombero, nanyi ndugu zangu wa huko juu Poli, mlimani Meru, ambao dada atawasomea Jumapili baada ya ibada, barua hii ni yenu nyote.  Huku baridi imeshaingia, na alfajiri ninapotoka kwenda kukamua bado ni giza totoro.

Nawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu jambo lenyewe si la nyumba moja. Mwezi wa nne dada alinitumia picha ya mahindi ya bibi. Yalikuwa yamefika magotini, ila majani ya chini yamegeuka zambarau kuanzia pembeni, kama yamechovywa kwenye juisi ya rozela. Akaniuliza apulizie dawa gani. Nikamwambia asipulizie chochote, ule si ugonjwa, ni njaa. Mahindi yakikosa fosforasi yakiwa machanga huonyesha rangi hiyo, mizizi yake hubaki mifupi, na hata mvua ikinyesha vizuri gunzi linakuja dogo, lenye mapengo. Bibi mwaka huu alipanda kwa samadi tupu, kwa kuwa mfuko wa mbolea ya kupandia aliouziwa msimu uliopita ulikuwa umeganda kama tofali, na aliyemuuzia hakutaka hata kumsikiliza. Picha ile iliniuma. Siku hiyohiyo nilikuwa nimeshinda nikisukuma samadi ambayo mwenyewe hajui aipeleke wapi.

Hapa ninapofanya kazi kuna ng'ombe 140 wa maziwa. Tangu Januari 1, 2018, mfugaji wa Uholanzi haruhusiwi kufuga ng'ombe wa maziwa bila kuwa na haki ya fosfeti, yaani kibali kinachohesabiwa kwa kilo za fosfeti, umbo ambalo fosforasi hupimwa, zinazotoka kwenye mavi ya mifugo yake kwa mwaka. Wakati huo nchi nzima, mifugo yote pamoja, iliwekewa kikomo, kilo milioni 172.9. Samadi ikizidi ile inayoruhusiwa kwenye ardhi yake, mfugaji hulipia lori lije liiondoe, na vibali vyenyewe vya fosfeti huuzwa na kununuliwa kama viwanja. Sababu ni kwamba ng'ombe hawa wanalishwa vyakula vingi vinavyotoka mbali, soya ya Amerika ya Kusini ikiwamo, na kila tani inayoshushwa bandarini inakuja na fosforasi ya shamba la watu wengine. Ng'ombe hula, hunya, na fosforasi hiyo inabaki hapa mpaka ardhi imeshiba kupita kiasi na mifereji inageuka kijani.

Kwa hiyo nimeishi miaka tisa mahali ambapo fosforasi hupakuliwa, na kila nikiwaza nyumbani naona mahali inapopakiwa.

Sote tunaujua mchana wa Kilombero, lakini fikirini alfajiri yake. Ndizi zinashuka kutoka Nkoaranga na Poli, kabichi na karoti kutoka upande wa Ngaramtoni, viazi, maharage, parachichi, maziwa kwenye madumu. Katika kila gunia la maharage kuna fosforasi iliyotoka ardhini, kwa maana mmea huipeleka zaidi kwenye punje na mbegu, na punje ndizo tunazouza. Sisi wa Levolosi tunanunua, tunapika, tunakula. Maganda yanaingia kwenye gari la taka kwenda dampo la Muriet. Kilichobaki mnajua kinaishia kwenye mashimo ya vyoo. Hakuna kikapu hata kimoja kinachopanda kurudi mlimani kikiwa kimebeba kile kilichoshuka. Mlima unashuka sokoni kila alfajiri, na jioni haurudi.

Zamani upungufu huu ulifidiwa na ng'ombe. Bibi anasimulia kwamba walichungwa mbali na kulala nyumbani, kwa hiyo kila usiku walileta kihambani rutuba ya malisho ya mbali. Leo shamba limegawanywa kwa wana na wajukuu, ng'ombe ni mmoja au wawili wa ndani, wanalishwa migomba na majani ya shamba hilohilo. Samadi yao inarudisha sehemu ya kilichotolewa palepale, na wala hairudishi chote. Ndiyo maana samadi ya kwetu, pamoja na uzuri wake wote, ina fosforasi kidogo. Ng'ombe hawezi kunya asichokula.

Na hapa niwe mkweli kuhusu jambo moja tunalojivunia. Tunasema udongo wa Meru ni wa volkeno, hauchoki. Ni kweli una mengi mazuri: ni mwepisi, unashika maji, una madini tele. Lakini udongo uliotokana na majivu ya volkeno una tabia ya kuikamata fosforasi na kuing'ang'ania. Unaweza kumwaga mbolea ya dukani leo, na baada ya muda sehemu kubwa yake ikawa imeshikwa na chembe za udongo, mizizi isiipate. Mkulima anaona kama hela yake imemezwa, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo.

Watu wa mlima huu wanajua thamani ya ardhi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru kutoka Engare Nanyuki ili kuwapa walowezi nafasi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kuwasemea. Babu alipenda sana kutusimulia habari hiyo tulipokuwa wadogo. Mimi naikumbuka kwa sababu nyingine sasa. Ardhi ile waliipigania kwa sababu ilionekana ikichukuliwa. Hii ya leo inaondoka ndani ya magunia yetu wenyewe, tumeifunga kwa kamba kwa mikono yetu, na hatuna wa kumshitaki.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Mkitoka Arusha kwa barabara ya Babati, mkapita Makuyuni, kiasi cha kilomita 100 na kidogo, mnafika Minjingu. Wengi wetu tumepita pale tukiwa tumelala kwenye basi. Kilima kile kiligunduliwa kuwa na fosfeti mwaka 1956, na wapimaji waliokuwa wanatafuta urani. Mgodi ulianza kazi mwaka 1983, ukipeleka mawe kwenye kiwanda cha mbolea cha Tanga. Kiwanda hicho kilifungwa miaka ya mwanzo ya 1990, mgodi ukayumba, na baadaye ukaingia mikononi mwa kampuni binafsi inayouendesha hadi leo.

Ninachokipenda zaidi ni asili yake. Enzi ambazo Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko sasa, Minjingu kilikuwa kisiwa. Ndege wala samaki, jamii ya mnandi, walitua pale kwa maelfu ya miaka, wakanya, wakaangusha mifupa ya samaki, wakafa na kuzikana palepale. Vyote hivyo vikarundikana, vikawa mwamba. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba fosfeti ya Minjingu na samadi ya zizini ni vitu viwili tofauti, mwambieni hapana. Minjingu ni samadi ya kale. Ina fosfeti kiasi cha asilimia 30, maana yake mfuko wa kilo 50 unabeba kilo 15 hivi. DAP, ile mbolea ya kupandia ya dukani, ina asilimia 46, lakini DAP inavuka bahari, na mwaka 2022, vita ilipoanza Ukraine, mliona wenyewe bei ilivyopanda hadi serikali ikalazimika kuweka ruzuku.

Najua wazee wengine watasema: huo unga wa Minjingu tuliwahi kuujaribu, vumbi lilitujaa puani na mahindi hayakuonyesha tofauti. Mnasema kweli. Mwamba huu hauyeyuki kwenye maji kama DAP. Unahitaji asidi. Kwenye udongo wenye uchachu wa kutosha, kama sehemu za juu zenye mvua nyingi, unayeyuka polepole. Kwenye mashamba ya chini, kuelekea tambarare, ambako udongo hauna uchachu, unga mtupu unaweza kukaa ardhini kama mchanga tu.

Dawa yake ni kuupitisha kwenye rundo la samadi kwanza. Samadi inapooza, vijidudu vinatoa asidi zao, zilezile za jamii ya ndimu na siki, na asidi hizo zinaung'ata mwamba na kuachilia fosforasi. Sehemu ya fosforasi hiyo inaingia kwenye miili ya vijidudu vyenyewe na kutunzwa humo. Kisha mkiisambaza shambani, mboji ileile inazifunika zile chembe za udongo zilizozoea kung'ang'ania, na mizizi inawahi kupata fungu lake. Mwamba unapata asidi, samadi inapata fosforasi iliyokuwa haina. Hayo si mawazo yangu ya usiku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, walijaribu Minjingu pamoja na majani ya alizeti mwitu, yale maua ya njano ya pembeni mwa barabara, kwenye mahindi. Magharibi mwa Kenya mchanganyiko huohuo ulijaribiwa na wakulima miaka ya 1990. Wahindi wa Rajasthan, wenye mgodi wao wa fosfeti karibu na Udaipur, samadi iliyotajirishwa kwa mwamba wameshaifanya bidhaa inayotambuliwa na sheria yao ya mbolea.

Namna ya kufanya, dada, hapa sikiliza vizuri. Chukueni samadi mbichi pamoja na mkojo wake na mabaki ya malisho, pangeni tabaka la unene wa kiganja, nyunyizeni unga, wekeni majani ya alizeti mwitu au migomba iliyokatwakatwa, rudieni. Mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha samadi ya nusu tani mpaka tani moja. Mwagieni maji mpaka ukifinya konzi uone unyevu lakini maji yasichuruzike. Funikeni kwa majani ya migomba, kivulini, mahali mvua haipigi moja kwa moja. Baada ya siku chache mkono hautavumilia joto la ndani. Geuzeni kila baada ya wiki tatu hivi. Miezi mitatu hadi minne itakuwa nyeusi, inanukia udongo, na masika yatakuwa yamefika.

Bibi ana desturi ya kumwaga majivu ya jikoni kwenye samadi. Kwenye rundo hili asimwage. Majivu yanaua ule uchachu tunaoutafuta, na chokaa ni vivyo hivyo. Majivu apeleke kwenye migomba. Mwambieni kwa upole, maana hilo alilirithi kwa mama yake.

Unga mnapoumwaga, fungeni vitambaa puani na muuloweshe kidogo. Mwamba uliogunduliwa na watafuta urani una chembechembe zake za mionzi na una floridi, na sisi watu wa Meru, tuliokunywa maji ya floridi mpaka meno yakaiva rangi ya kahawa, hatuna haja ya kuongeza nyingine kifuani. Watoto wakae mbali siku hiyo.

Wala sisemi muiache kabisa mbolea ya dukani. Rundo hili linatatua habari ya fosforasi. Naitrojeni ni habari nyingine, na mahindi yaliyopauka yatahitaji ya kukuzia. Ila hapo tuna rafiki wa zamani, ngwara. Ngwara na maharage huvuna naitrojeni hewani, na hufanya hivyo vizuri zaidi yakiwa na fosforasi ya kutosha kwenye vinundu vya mizizi. Ndiyo sababu mimi ningeanza na shamba la maharage na ngwara kabla ya mahindi. Na kabla ya yote mwombeni afisa ugani asaidie kupeleka udongo wa shamba la juu na wa shamba la chini upimwe uchachu, kila mmoja na mfuko wake, msichanganye.

Nanyi wa Levolosi msione kwamba hii ni barua ya watu wa mlimani. Kila jioni mnatupa chakula cha rundo hili. Mama zangu wa Kilombero, majani ya kabichi na maganda ya ndizi yasichanganywe na mifuko ya plastiki. Canter zinazoshusha ndizi hurudi juu tupu, nimepanda mara nyingi, najua. Zikirudi na magunia kumi ya maganda, mtu wa Poli atalipa mafuta kwa furaha.

Kila Desemba huwa natuma hela ya mfuko wa DAP kwa bibi na mwingine kwa mama mdogo. Mwaka huu naituma mapema, na nimeongeza. Dada ataipokea kwenye simu wiki hii. Nimeshazungumza na nyumba sita za pale Poli, kila moja itachangia kidogo, tukodi Fuso moja kwenda Minjingu na kurudi. Ombeni unga mtupu, msichukue ile ya punje iliyoshachanganywa. Mifuko ishushwe kwa bibi, chini ya mparachichi, juu ya mbao, ifunikwe turubai. Na kwenye shamba la maharage acheni mistari minne bila kuiwekea, katikati, si pembeni. Mwezi wa nne nitumieni picha ya mistari hiyo na ya jirani yake, zote mbili, hata kama hazina tofauti.

Mjukuu na mtoto wenu,
Leeuwarden