Mkopo uko Budondo, soko liko Busia

Mwanamke mfanyabiashara wa Budondo, kando ya Mto Nile kaskazini mwa Jiji la Jinja, ana milango mitatu ya serikali ya kubisha akitafuta mtaji. Swali ambalo halijapata jibu ni hili: akishakopa na kuvuna, atamuuzia nani, na kwa bei ya nani?

Mlango wa kwanza ni Mpango wa Maendeleo ya Parishi, PDM, uliozinduliwa Februari 2022. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka wa fedha, asilimia 30 zikiwa za wanawake, na mkopaji hupewa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6. Wa pili ni UWEP, unaokopesha vikundi vya wanawake bila riba wakirejesha ndani ya miezi 12. Wa tatu ni GROW, mradi wa dola milioni 217 za Benki ya Dunia. Huo hupitia mabenki, na mikopo yake ni ya kuanzia shilingi milioni 4 hadi milioni 200, kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa mama aliyepata milioni 1 ya PDM akalima mahindi. Mavuno yakiwa tayari, dalali anafika na lori hadi uani. Bei anaitaja yeye na mizani ni yake. Magunia yale yale yanauzwa Busia kwa mnunuzi kutoka Kenya, faida inabaki kwa dalali, deni linabaki kwa mama. Dalali hajavunja sheria yoyote. Anajua mambo mawili ambayo mama hakuambiwa siku aliyosaini mkopo.

La kwanza ni Utaratibu Rahisi wa Biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mzigo wenye thamani isiyozidi dola 2,000, takriban shilingi milioni 7 za Uganda, huvuka bila ushuru wa forodha iwapo umezalishwa ndani ya Jumuiya na umo katika orodha ya pamoja ya bidhaa. Kinachotakiwa ni Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa, ambacho hutolewa mpakani bure.

Sasa piga hesabu. Milioni 1 ya PDM, hata ikizaa mara tatu, haifiki nusu ya kiwango hicho. Mkopo huu na utaratibu huu vinamhusu mtu yule yule, lakini mmoja unaelezwa ofisi ya parishi na mwingine unaelezwa mpakani, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Asiyejua humlipa mtu wa kati kwa karatasi ya bure, au hupita njia za panya, ambako mzigo unaweza kutaifishwa na usalama wake mwenyewe ukawa mashakani.

La pili ni ubora. Kusamehewa ushuru hakuondoi ukaguzi wala kodi za ndani. Machi 5, 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliyaruhusu kwa masharti, likiwemo la sumukuvu kutozidi sehemu 10 kwa bilioni. Kinga huanzia uani: kuanika juu ya turubai badala ya udongo, na kutofunga gunia kabla unyevu haujashuka hadi asilimia 13.5.

Kwa hiyo chama cha akiba na mikopo cha parishi kinapotoa pesa, kitoe pia maelezo haya, kwa Kisoga na kwa Kiswahili, pamoja na bei za Busia za wiki hiyo. Vikundi vya UWEP vinunue turubai na kipima unyevu kwa pamoja. Viwe waangalifu pia: mzigo wa kikundi ukiandikwa kwa jina moja na kuvuka dola 2,000, utaratibu rahisi unakoma na wakala wa forodha anahitajika. Ni vyema kuuliza forodha kabla ya kukodi lori.

Si lazima kila mama afunge safari ya Busia. Wengi wana watoto na mashamba yasiyosubiri. Lakini akijua bei ya huko na gharama ya kuvuka, mazungumzo na dalali hubadilika. Hali ni hiyo hiyo kwa wanawake wa Mbale wanaotazama Malaba na Lwakhakha.

Nawe mnunuzi wa upande wa Kenya, una sehemu yako. Ukipatana moja kwa moja na kikundi kinachoanika vizuri, unapata mahindi yasiyokataliwa mpakani, na mama anapata cha kulipia deni. Bila hivyo, milioni 100 za parishi zitaendelea kulima mahindi ambayo faida yake inavunwa na mwingine.