Aliyeumwa na Mbwa Ana Haki ya Fidia

Mhariri,

Nchini Kenya, mtu aliyeumwa na mbwa wa mwenzake anaweza kudai fidia. Kwanza huosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha huchanjwa bila kuchelewa dhidi ya kichaa cha mbwa. Ripoti ya polisi, risiti za matibabu, picha na mashahidi ndio ushahidi wake. Mahakamani huthibitisha kwamba mwenye mbwa alizembea, au alijua mnyama wake ni mkali. Kesi hufunguliwa ndani ya miaka 3. Dai lisilozidi shilingi 1,000,000 huweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo. Maumivu, gharama za tiba na mapato yaliyopotea hulipwa. Pole tupu haitoshi.

Msomaji,
Mombasa