NYUMBA NA JAMAA: Kompyuta Kuukuu Iliyokataa Intaneti

Nyumba nyingi za askari siku hizi zina kompyuta, na aghalabu si mpya. Ilinunuliwa kwa mtu aliyekwisha kuitumia miaka kadhaa, ikawekwa pembeni mwa sebule, ikafunikwa kitambaa ili isiingiwe na vumbi, na watu wa nyumbani wakaizoea kama walivyoizoea redio. Siku inapokataa kupokea intaneti, hukumu hutolewa upesi: imezeeka, na itupwe. Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki, na gharama yake hutoka katika fedha za chakula au ada za watoto.

Na itazamwe nyumba moja katika makazi ya askari karibu na Entebbe, nchini Uganda. Baba wa nyumba ni sajini, naye wakati huo alikuwa kazini Somalia, ambako majeshi ya Uganda yalianza kutumika chini ya Umoja wa Afrika mwaka 2007. Nyuma yake mama wa nyumba alikuwa akipiga chapa barua, maombi ya kazi na karatasi za shule kwa malipo madogo. Wateja walimletea maandishi kwa barua pepe, naye akayachapa. Kompyuta yake ilitengenezwa mwaka 2009.

Alasiri moja mvua ya radi ilitoka ziwani, na umeme ukakatika hadi usiku. Uliporudi, kompyuta iliwaka vizuri, lakini intaneti haikupatikana. Fundi aliyeitwa alibonyeza hapa na pale kwa muda wa saa nzima, akageuza mipango mingi ya ndani, kisha akatamka kwamba radi imekwisha kuiua mashine na inatakiwa nyingine. Mama akazihesabu fedha zilizokuwa kabatini. Zilikuwa ada ya kijana wake, aliyekuwa akijitayarisha kwa mtihani wa mwaka wa nne wa sekondari.

Kabla hajazitoa, alimwendea jirani, mzee mstaafu aliyetumika miaka mingi katika kikosi cha mawasiliano.

"Mama," alisema mzee, "sisi simu ya uwanjani ilipokatika hatukuitupa. Tuliufuata waya toka mwanzo hadi mwisho, tukapima kila kituo, mpaka tukapaona mahali palipokatika. Na hii tutaifuata vivyo hivyo."

Mzee alianza na njia iingiayo nyumbani. Alitazama kwanza taa za ruta, yaani kile kisanduku kinachopokea intaneti na kuigawa kwa vyombo vya nyumbani. Kisha akamwambia kijana azime intaneti ya laini ya simu yake na kutumia ile ya nyumbani peke yake. Kipimo hiki kisipofanywa hivyo hudanganya, kwa maana simu hujitafutia njia nyingine kimyakimya. Kijana akafanya, na kurasa zikafunguka mara moja. Basi ikajulikana kwamba njia ya nje ilikuwa nzima, na hitilafu ilikuwa baina ya ruta na kompyuta.

Kama simu nayo ingeshindwa, ingefaa kuizima ruta kwa nusu dakika, kuiwasha, na kungoja dakika chache. Katika nyumba zinazoletewa intaneti kwa waya wa nyuzi za kioo, taa nyekundu penye herufi LOS huonyesha kwamba mwanga haufiki; hapo huitwa kampuni, wala si fundi wa kompyuta. Na pengine hitilafu huwa mbali zaidi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikawa nzito au ikapotea katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo, mwenye kununua kompyuta mpya angepata kompyuta mpya isiyo na intaneti.

Kituo cha pili kilikuwa waya utokao katika ruta kwenda nyuma ya kompyuta. Penye tundu la waya huo huwa na taa ndogo, ambayo huwaka waya unapofika salama pande zote mbili. Taa ilikuwa imezimika. Mzee aliuhamishia waya katika tundu jingine la ruta, na taa haikuwaka. Akatia waya mwingine alioutoa nyumbani kwake, ikawaka. Waya wa kwanza ulipovutwa kutoka nyuma ya kabati, ulionekana umetafunwa na panya. Radi ilikuwa imesingiziwa.

Hata hivyo kurasa hazikufunguka bado, na hapa ndipo wengi hukata tamaa. Mzee alisonga mbele kwenye kituo cha tatu, ambacho ni anwani. Ruta huipa kila mashine ya nyumbani namba yake, kama vile kila askari anavyopewa namba. Katika kompyuta za Windows, namba hiyo huonekana kwa kufungua dirisha la amri na kuandika neno ipconfig. Namba ikianza na 169.254, maana yake mashine iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Hapa namba ilikuwa 192.168.0.50, hali ruta yenyewe ilikuwa 192.168.1.1. Fundi alikuwa ameiandika kwa mkono wake, na hivyo akaiweka kompyuta katika mtaa usiokuwapo. Mzee aliirudisha katika mpango wa kupokea anwani yenyewe.

Kisha akaandika ping 192.168.1.1, na ruta ikajibu. Akaandika ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani iliyo nje kabisa ya nyumba, nayo ikajibu. Njia sasa ilikuwa wazi toka mwanzo hadi mwisho.

Lakini kila ukurasa uliofunguliwa ulitoa onyo kwamba mahali hapo si salama. Mama akauliza, "Sasa, Mzee, si ndiyo imekufa kweli?"

Mzee alinyosha kidole kwenye pembe ya chini ya skrini. Saa ya kompyuta ilionyesha tarehe 1 Januari 2009.

Jambo hili huwasumbua wengi wenye kompyuta za zamani. Kurasa za intaneti huonyesha hati ya utambulisho yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Askari wa zamu langoni aliye na kalenda ya mwaka 2009 hawezi kukubali kitambulisho kilichotolewa miaka mingi baadaye. Atamzuia kila mtu, hata mkubwa wake. Saa hiyo hutunzwa na betri ndogo ya duara, mfano wa sarafu, ya volti 3, ambayo katika kompyuta nyingi za mezani huandikwa CR2032. Betri ikichoka, saa huendelea maadamu mashine inapata umeme wa ukutani. Umeme ukikatika, tarehe hurudi nyuma.

Tarehe iliposahihishwa, kurasa zilifunguka. Kesho yake plagi ilichomolewa ukutani, betri mpya ikatiwa, na kazi ya kupiga chapa ikaendelea.

Isidhaniwe kwamba uzee wa kompyuta hauna hatari. Kampuni ya Microsoft iliacha kuitunza Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine yenye mpango usiotunzwa haifai kwa mambo ya benki wala siri za kazi. Mwenye nayo aweza kuwekewa Linux, ambayo hupatikana bila malipo na yenye matoleo mepesi yafaayo mashine dhaifu, baada ya kunakili kwanza barua na picha zake zote mahali pengine.

Yafaa maneno haya yakatwe na kubandikwa karibu na kompyuta:

1. Jaribu chombo kingine kwa intaneti hiyo hiyo ya nyumbani.
2. Tazama taa za ruta na taa ya waya, badili waya.
3. Soma anwani, irudishe katika mpango wa kujipokelea.
4. Tazama tarehe na saa.
5. Geuza jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike ulichogeuza.

Sajini alipopiga simu kutoka Mogadishu mwisho wa juma, aliuliza kwanza kama kompyuta mpya imekwisha kununuliwa. Mama alimjibu kwamba umenunuliwa waya na betri, na kwamba stakabadhi ya ada ya mtoto iko kabatini.