Sio Kila Mzae Hana Doh ni Deadbeat: Hili Tusi Tunalirusha Ovyo

Kuna neno moja ukiliandika Kenya leo chini ya picha ya mwanaume yeyote, hakuna mtu atakuuliza ushahidi. Sio mwizi. Ukiita mtu mwizi lazima mse mmoja atauliza aliiba nini. Sio fala, hiyo siku hizi ni kama salamu. Ni deadbeat. Ukishaliandika, watu wanakuja na kuni na kibiriti, na hata wewe mwenye uliliandika huwezi tena kuzima moto.

Umeona venye inaenda. Celeb akiachana na baby mama Jumatatu, kufikia Jumatano ameshabatizwa. Mwanasiasa akikosana na dem wake, deadbeat. Mse akipost picha yuko Diani na mtoto hayuko kwa picha, deadbeat, na hakuna mtu amefikiria labda mtoto yuko shule juu ni Jumanne.

Kabla uniambie natetea wanaume, tulia kwanza. Madeadbeat wako, ni wengi, na wewe pengine umelelewa na mama peke yake ukijua hivyo vizuri kuniliko. Ndio maana nataka tuongee. Hili neno lina kazi yake, na tunaliharibu.

Deadbeat ni neno la Wamarekani, na kwao kitambo lilimaanisha mtu wa kula madeni na kuhepa. Baadaye wakaliweka kwa wababa wenye hawalipi pesa ya mtoto. Likakuwa neno la maana hadi likaingia kwa sheria: mwaka wa 1998 Rais Bill Clinton alitia sahihi Deadbeat Parents Punishment Act. Angalia hiyo "Parents". Hawakuandika baba, waliandika wazazi. Na hiyo sheria haikamati mtu juu ametajwa na ex wake. Inataka kuwe na amri ya kulipa matunzo, mtoto awe anaishi jimbo lingine, deni lipite dola 5,000 ama lilale zaidi ya mwaka, na kitu ya maana kabisa, huyo mtu awe amekataa kwa makusudi. Yaani anajua, anaweza, na amekataa.

Shika hayo matatu. Anajua, anaweza, amekataa.

Sasa njoo huku kwetu, juu hapa ndio story inakuwa kali. Unajua kwa nini wamama Wakenya walishika hili neno kwa nguvu hivyo? Zamani tulikuwa na sheria inaitwa Affiliation Act, ya 1959. Msichana akiwekwa ball na jamaa aruke, alikuwa anaweza kumpeleka kortini alipe. Mwaka wa 1969 Bunge likaifuta. Na hilo Bunge halikuwa na mbunge mwanamke hata mmoja. Grace Onyango, wa kwanza kuchaguliwa, aliingia na uchaguzi wa Desemba mwaka huo huo. Wanaume wakakaa chini, wakajiondolea bill.

Kutoka hapo hadi Children Act ya 2001, mama mwenye hajaolewa alibaki amejishikilia. Na hata hiyo ya 2001 bado ilimuwekea yeye jukumu kwanza, baba akakuwa mtu wa kuingia akitaka ama akilazimishwa. Ni Katiba ya 2010 ilikuja kusema wazi, Kifungu cha 53, kwamba mama na baba wana jukumu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Halafu Children Act ya 2022 ikachukua nafasi ya ile ya zamani ikiwa na msimamo huo.

Kwa hivyo wakati kundi la Dead Beat Kenya lilitokea Facebook mwaka wa 2014 na watu wakaanza kumwaga mapicha ya wababa waliohepa, usishangae lilijaa haraka hivyo. Hao wamama walikuwa wamekaa na hiyo hasira miaka na miaka. Koti ilikuwa mbali, wakili anataka pesa, chifu ni beshte ya huyo jamaa. Simu nayo ilikuwa mkononi. Aibu ikafanya kazi yenye sheria ilikuwa imekataa kufanya. Wengine walianza kutuma pesa wiki hiyo hiyo picha zilianikwa, na hapo siwezi kuwalaumu wamama hata kidogo.

Shida ni kwamba silaha ikiwa rahisi hivyo kushika, kila mtu anaishika. Saa hii neno limetoka kwa mtu mwenye amekataa na linapiga mtu mwenye hana. Fikiria jamaa wa mjengo. Anaamka saa kumi na moja, anatembea kutoka Mukuru hadi Industrial Area, anasimama kwa gate na wengine hamsini. Siku akichukuliwa anatuma mia mbili. Siku hajachukuliwa hatumi kitu, na simu anaogopa kuishika juu hana la kusema. Huyo anajua, hajakataa, lakini hawezi. Ukimwita deadbeat umemwambia hata ile mia mbili haihesabiki. Na nikwambie kenye hufanyika baadaye: anaacha kutuma kabisa, anabadilisha laini, anapotea. Sasa ndio umempata deadbeat wa ukweli, na ulimtengeneza wewe.

Najua hii kitu juu nimeifanya. Nilitoka college mwaka wa pili, fee ikiwa imekwama, na nilimwandikia mzae wangu hilo neno kwa meseji. Alikuwa amekaa bila wera miezi tano na hakuwa ameniambia. Hakujibu. Tuliongea tena Krismasi, na mpaka leo hakuna mwenye amewahi kuitaja hiyo meseji kati yetu.

Kuna na wale wenye wamefungiwa mlango. Jamaa anataka kuona mtoto, ameambiwa asionekane hiyo plot, halafu anaanikwa kwamba hajali. Lakini ndugu yangu, usikimbilie kujificha hapo. Koti huona kuona mtoto na kulipia mtoto kama mambo mawili. Umenyimwa kumuona? Nenda udai hiyo haki. Lakini unga ya mtoto haingoji mpatane na mama yake.

Na wamama wenye wamewacha watoto kwa cucu huko ocha na hawapigi hata simu? Hilo neno ni lao pia. Ni vile tu hatuwaitangi.

Lakini mwenye ananiuma roho kuliko wote ni deadbeat original. Huyu ana payslip. Ama ana biashara, lakini ameandikisha kwa jina la bro yake ndio ikifika koti aonekane hohehahe. Anajua mtoto ni wake, wana meno sawa. Zamani ukimwita deadbeat alikuwa anashtuka, anapigia mjomba, anatafuta namna ya kunyamazisha maneno. Leo? Anacheka. Utampata kwa meza ya nyama na mabeshte, wanaitana deadbeat kwa mzaha, wanagonga glasi. Kwa nini asicheke? Neno limebebwa na kila mtu, hadi yule jamaa wa mjengo. Mkiwa kwa orodha moja, mwenye hana na mwenye amekataa, anayefaidika ni mwenye amekataa. Amejificha nyuma ya umaskini wa mwenzake.

Na hapo katikati kuna mtoi. Watu huweka picha yake pia, sare ya shule ikionekana, na maneno "hivi ndivyo baba yake amemwacha". Huyo mtoto atakuwa na simu yake siku moja. Atatafuta jina lake na akute watu mia tatu wakijadili kama anafanana na baba ama hafanani. Skrinshoti haizeeki.

Kwa upande wa sheria, Februari 2017 Mahakama Kuu ilisema kufunga mtu jela juu ya kuchafua jina, kile kifungu cha 194 cha Penal Code, inaenda kinyume na Katiba. Wengi waliskia hiyo wakadhani sasa ni mchezo. Hapana. Kesi ya kudai fidia bado iko, na ukishindwa unalipa. Mama mwenye anadai elfu tano ya matunzo anaweza kujipata yeye ndiye anadaiwa, juu ya posti ya dakika mbili. Nimeona watu wakicheka hiyo hali, mimi sioni cha kuchekesha.

Kama yako ni kesi ya ukweli, anza na ofisi ya watoto iliyo karibu na wewe, ama piga 116, ni bure. FIDA-Kenya pia husaidia wamama wenye hawana pesa ya wakili. Baba akiruka akisema mtoto si wake, koti inaweza kuamuru DNA. Na ikifika maneno ya pesa wanaangalia kila mzazi anapata ngapi na mtoto anahitaji nini, hawaangalii nani analia kwa sauti kubwa. Yule wa mjengo ataambiwa kiasi cha mjengo. Yule wa payslip ataambiwa cha payslip, na inaweza kukatwa kabla ifike mkononi.

Beba birth certificate. Beba risiti za shule na hospitali. Beba statement ya M-Pesa. Na wewe baba mwenye unatuma kidogo kidogo, wacha kupeana cash kwa stage ukisema ni mambo ya nyumbani. Tuma kwa simu, hata kama ni mia moja, juu hiyo statement ndiyo itakuongelea.