Spiriti Si Jina la Kutosha

Majuzi mpwa wangu, anayejifunza ufundi wa magari katika karakana moja jijini Nairobi, alinijia na swali: "Mjomba, ni kweli kwamba maji huongeza nguvu ya injini?" Mkubwa wake kazini, alieleza, huwafungia wenye magari ya tabo mtambo wa kunyunyiza maji na methanoli. Mimi ni mwanaisimu. Injini siijui sana ila kwa kulipia matengenezo yake. Hata hivyo, niliona kwamba kasoro ilikuwa katika kitenzi.

Maji hayaungui. Kinacholeta nguvu zaidi ni hewa nyingi kushindiliwa ndani ya silinda ili petroli nyingi zaidi iungue. Lakini hewa ikishindiliwa hupata joto, na joto likizidi, sehemu ya mchanganyiko hujilipukia yenyewe nje ya mpango. Mafundi wetu husema injini "inagonga", na kugonga huko hutoboa pistoni. Maji yakinyunyizwa kama umande hugeuka mvuke na kufyonza joto: kilo moja ya maji huchukua takriban kilojuli 2,260, mara sita hivi ya zile zichukuliwazo na petroli. Hapo ndipo fundi anapoweza kuongeza hewa bila injini kugonga. Kwa hiyo maji hayaongezi nguvu. Yanaruhusu nguvu iongezwe. Anayenyunyiza maji bila kubadilisha chochote kingine amejipatia injini yenye unyevu tu. (Wale wanaodai kwamba Kiswahili hakiwezi kufundishia fizikia wanijuze ni wapi nilipokwama.)

Methanoli nayo huungua, hupoza, na huyazuia maji kuganda katika baridi kali. Ndiyo sababu ndege za kivita za Ujerumani, katika Vita vya Pili vya Dunia, zilitumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Mwaka 1962 Marekani ilitoa gari la Oldsmobile Jetfire, lililokuwa na chombo maalumu cha maji na methanoli. Wenye magari wengi walipuuza kukijaza, na baada ya 1963 gari hilo halikuundwa tena.

Lakini si historia iliyonikosesha usingizi. Nilimwuliza mpwa wangu methanoli hiyo huwekwa wapi. Katika chupa ya soda, alinijibu, juu ya rafu, nayo imeandikwa "spiriti".

Spiriti! Kwa neno hilo hilo twataja dawa anayotupaka muuguzi kabla ya sindano, mafuta ya jiko dogo, na kwa baadhi ya watu, kinywaji kikali. Ethanoli na methanoli zote ni alkoholi, zote hazina rangi, na harufu zao zinakaribiana. Ila methanoli ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa asidi ya fomiki, ambayo hupofusha macho na kuua. Mnamo Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Mei 2014 msiba ukarudi katika kaunti kadhaa. Aliyewauzia marehemu hao "alkoholi" hakusema uongo wa kikemia, na hapo ndipo pana hatari.

Walimu wenzangu, twawafunza wanafunzi visawe kana kwamba wingi wa majina ndio utajiri wa lugha. Ni mara ngapi twawaonyesha jina moja linaloficha vitu viwili? Mwalimu wa kemia na mwalimu wa Kiswahili wangeweza kulifundisha somo hili pamoja, kwa kipindi kimoja tu, na chupa mbili tupu juu ya meza.

Mpwa wangu alibandika karatasi kwenye ile chupa: METHANOLI, SUMU. Mkubwa wake akaibandua, eti itawatisha wateja. Nimemwambia airudishe, na yaliyomo ayahamishie katika chombo ambacho hakuna atakayedhani ni cha kunywea.