Mali Bila Daftari

Wazee wametuachia methali isemayo: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wengi hudhani yawahusu wenye maduka tu. Juma hili twataka kuonyesha kwamba yahusu pia utajiri wa ardhi yetu, tena na uhai wa watu.

Mashariki ya Kongo huchimbwa bati, wolframu na koltani. Katika koltani hutolewa tantali, madini yatumikayo ndani ya simu na kompyuta. Kwa miaka mingi vikundi vyenye silaha vimejipatia fedha za vita kwa madini hayo. Mfuko ukiisha kuchanganywa na mingine, nani aweza kujua umetoka chimbo gani? Kwa hiyo mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria kuwataka wenye makampuni makubwa watangaze kama madini hayo, pamoja na dhahabu, yametoka Kongo au nchi jirani. Basi ikatakiwa njia ya kuufuata kila mfuko safarini.

Mpango mmoja wa kazi hiyo huitwa ITSCI. Katika Katanga ulianza mwaka 2011. Karibu na chimbo, karani wa serikali huupima mfuko na kuufunga kwa kipande cha plastiki chenye namba. Kisha huandika katika daftari namba ile, uzito, tarehe na jina la chimbo. Mfuko ukifika kwa mfanya biashara asafishaye madini, hupimwa tena na kufungwa kipande cha pili. Habari za madaftari yote hukusanywa na kulinganishwa.

Faida yatoka katika kupima mara mbili. Chimbo dogo likiandikiwa tani nyingi kupita nguvu za wachimbaji wake, yafaa kuuliza kama madini ya mahali pengine yameingizwa kwa siri. Uzito ukipungua njiani, huenda madini yamekauka, huenda yameibwa; mwenye kuyachukua aulizwe.

Umeme nao hufuatwa vivyo hivyo, ingawa hauna mfuko. Njia ya umeme itokayo Inga hadi Kolwezi, iliyomalizika mwaka 1982, ina urefu wa kilomita 1,700 hivi. Katika safari ndefu namna hiyo, sehemu ya nguvu hupotea kwa joto la nyaya. Mita ikiwekwa mwanzo na mwisho, hasara hujulikana. Isipowekwa, hasara huwa masingizio tu.

Lakini kipande cha plastiki hakina dhamiri. Karani akikubali kukiuza, au akikifunga katika mfuko asioujua asili yake, daftari lote hugeuka kuwa uwongo ulioandikwa vizuri. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilitangaza kwamba madini ya machimbo yasiyoruhusiwa yalikuwa yakipewa vipande vya ITSCI. Wenye mpango huo walikana. Sisi hatukai katika kiti cha hakimu. Twasema hili tu: daftari la uwongo ni baya kuliko kukosa daftari, maana asiye na daftari hushukiwa, bali mwenye la uwongo huaminiwa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, Bwana Wetu atusimulia habari za wakili aliyeitwa na tajiri wake atoe hesabu. Mali haikuwa yake. Ndiyo sababu aliulizwa. Shaba, bati na maji ya mto si yetu peke yetu: ni ya watoto wetu pia, na Mungu ndiye Mwenyewe.

Enyi wanafunzi, baadhi yenu mtashika kalamu kwenye mizani siku moja. Anzeni sasa nyumbani: andikeni siku gunia la makaa lilipofunguliwa na siku lilipokwisha. Na uzito mtakaouona, huo ndio muuandike, hata akiwapo mtu mkononi mwake ana fedha.